Linux Ifaayo kwa Mwanagenzi

Katika shule yetu, tangu muhula uliopita, pana ubishi ambao haujakwisha. Husikika bwenini kabla ya taa kuzimwa, na pengine hata katika foleni ya chakula. Ubishi huo si wa mpira, ni wa Linux. Mmoja husema Ubuntu ndiyo bora. Wa pili humcheka, akasema Mint. Wa tatu, ambaye pengine hajapata kuigusa hata moja, husema kuwa ajuaye kweli hutumia Arch. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza hukaa kimya wakisikiliza, na mwisho huuliza, "Kaka, sasa mimi nianze na ipi?"

Swali hilo ni jema, nasi hatulijibu. Kila mmoja wetu humtajia mdogo wake ile aipendayo mwenyewe, kana kwamba ameulizwa jina la timu yake. Nataka kulijibu hapa, mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi, maana niliwahi kulijibu vibaya, na hasara yake haikunipata mimi peke yangu.

Kwanza niwaeleze wazazi jambo lenyewe ni lipi. Kompyuta haiwezi kufanya kazi bila mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa isimamiayo nyingine zote. Kompyuta nyingi mzionazo maofisini hutumia Windows ya kampuni ya Microsoft. Linux ni mfumo mwingine. Kiini chake kilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, naye alikuwa na miaka 21 tu. Hakukificha kazi yake. Aliitoa ili watu waisome, waitumie na kuitengeneza, nao wakaiunganisha na programu za mradi wa GNU, ambao Richard Stallman wa Marekani aliutangaza mwaka 1983. Kwa kuwa kila mtu anayo ruhusa, vikundi vingi vimechukua kiini kile kile, kila kimoja kikaongeza vyombo vyake na kuupa mfumo wake jina. Ndiyo sababu leo ziko Linux za aina nyingi, zipitazo mia.

Mzazi asidhani kuwa hiki ni kitu cha kuchezea watoto. Ikiwa simu yako ni ya Android, kiini cha Linux kimo ndani yake. Tena, katika orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017 zote hutumia Linux.

Jambo hili limekuwa kubwa zaidi kwa sababu ya tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11, ambayo ndiyo ifuatayo, hudai mashine yenye kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizo katika shule na nyumba zetu ni za zamani, na hazitimizi masharti hayo. Mwenye mashine ya namna hiyo anaweza kununua mpya, ikiwa fedha anazo. Anaweza kukaa na mfumo usiolindwa tena. Wako na wanaoweka Windows ya wizi, iliyovunjwa kufuli lake na mtu asiyejulikana. Tumeizoea njia hii ya wizi hata hatuioni kuwa wizi, na mara nyingi virusi huja pamoja nayo. Kwa mtu maskini apendaye haki, Linux ni njia iliyo wazi. Lakini lazima aingie kwa mlango ufaao.

Sasa nieleze kosa langu.

Baba yangu mdogo ana duka dogo la steshenari hapa Soweto. Huwachapia watu barua, hutoa kopi, na hutunza hesabu za kikundi kimoja cha akina mama wanaoweka na kukopa. Katika likizo ya kidato cha tatu nilikuwa nikimsaidia dukani. Laptopu yake ilikuwa nzito mno. Ukiiwasha asubuhi, ungeweza kufagia duka lote na kupanga karatasi kabla haijakubali kufungua barua moja. Nikamwambia, "Baba mdogo, nipe siku moja nikuwekee Linux, itakwenda kama mpya." Akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?" Nikajibu kwamba ninayo.

Hakika sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni majivuno. Nilikuwa nimesikia kuwa Arch ndiyo ya mabingwa, nami nilitaka nirudi shuleni nikiwa nimekwisha iweka kwa mkono wangu. Sikujua, au sikutaka kujua, kuwa Arch huwekwa kwa kuandika amri moja moja, na kwamba sehemu kubwa ya programu zake huvutwa kutoka intaneti wakati ule ule wa kuiweka. Niliifuta diski yote kama maelezo yalivyosema. Kisha, kabla kazi haijafika nusu, kifurushi changu cha intaneti kikaisha. Nikabaki na kioo cheusi chenye herufi nyeupe, nami nimekitumbulia macho.

Sikuwa nimetoa nakala ya faili hata moja. Barua za wateja zilipotea. Hesabu za akina mama zilipotea. Fundi mmoja wa mjini alijaribu kuzirudisha, akapata picha chache za harusi na hakuna zaidi. Kwa bahati, akina mama wale wanaandika pia katika daftari. Siku zote zilizobaki za likizo yangu nilikaa nyuma ya duka nikilinakili daftari hilo mstari kwa mstari, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi. Mwenyekiti wao alikuja akanitazama, hakunikemea. Alisema tu, "Andika polepole, mjukuu wangu, hizo ni ada za shule za watu." Ningependelea anikemee.

Baba mdogo naye hakunipiga wala kunifukuza. Aliniuliza swali moja ambalo ndilo msingi wa makala haya. "Hiyo uliyotaka kuiweka, ikiharibika wewe ukiwa shuleni, nitamwuliza nani hapa Soweto?" Sikuwa na jibu. Katika mtaa wetu mzima sikumjua hata mtu mmoja aitumiaye.

Basi, jibu langu kwa mdogo wangu wa kidato cha kwanza ni hili: Linux bora kwa mwanagenzi ni ile ambayo jirani yake anaijua. Mtu apandaye kahawa mara ya kwanza haanzi kwa kutafuta mbegu iliyosifiwa kuliko zote duniani. Huuliza Lyamungu wanatoa miche gani, kisha hutazama jirani amepanda nini, maana huyo jirani ndiye atakayemwonyesha namna ya kupogoa na kumwambia jani likianza kuugua. Kuuliza si ujinga, lakini ni lazima awepo wa kuulizwa.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa bweni. Wenzetu walioko mijini na ng'ambo huambiwa, "Ukikwama, tafuta jawabu katika intaneti." Sisi haturuhusiwi simu shuleni, na sisemi kuwa ni vibaya. Chumba cha kompyuta hufunguliwa kwa saa zake. Kwa hiyo anayekwama Jumanne usiku hana intaneti, ana mwenzake wa kitanda cha pili. Basi na achague ile aijuayo huyo mwenzake.

Pili, atazame mashine yake kabla ya kutazama sifa za watu. Aulize ina kumbukumbu ya GB ngapi. Yenye GB 4 huichukua Linux Mint bila shida, na wenye Mint wenyewe husema GB 2 ndizo chini kabisa. Kwa mashine dhaifu iko Mint yenye sura nyepesi iitwayo Xfce, na ziko ndugu za Ubuntu nyepesi, Xubuntu na Lubuntu. Mashine kuukuu za biti 32 zina shida zaidi. Ubuntu na Mint ya kawaida zimekwisha ziacha, na Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho katika Debian iliyotolewa pamoja na njia ya kuiweka katika mashine hizo. Mwenye mashine ya namna hiyo afahamu hivyo mapema, asije akalaumu Linux kwa uzee wa chombo.

Tatu, aijaribu kabla ya kuiweka. Hapa ndipo nilipokuwa mpumbavu zaidi, maana Ubuntu na Mint zote mbili huweza kuwashwa kutoka katika flashi bila kugusa diski. Utaona kama sauti inatoka, kama kipanya kinakwenda, kama mashine ya kuchapa inatambulikana. Ikikukataa, unachomoa flashi, na kompyuta inabaki kama ilivyokuwa. Nani anunuaye kiatu cha mtumba pale Memorial bila kukijaribu mguuni?

Nne, atoe nakala ya kila kitu kabla ya kuiweka, na nakala hiyo ikae mbali na kompyuta ile. Sitaongeza neno hapa.

Tano, ahesabu gharama ya kuivuta. Ubuntu 24.04 huzidi GB 5, na Mint 22 ni karibu GB 3. Si kidogo kwa mtu anunuaye kifurushi. Lakini hapa tunayo neema ambayo Windows haina: ikivutwa mara moja, ni halali kuwapa watu kumi, mia au elfu. Flashi moja yaweza kuzunguka bweni zima. Tena achague toleo la muda mrefu. Ubuntu 24.04 na Mint 22 zimeahidiwa marekebisho ya kawaida hata mwaka 2029, yaani mwanafunzi aliye kidato cha kwanza leo hatalazimika kuibadili mara kwa mara.

Ukizipima aina zote kwa mizani hiyo, nyingi zitaanguka, na kwa shule yetu zitabaki mbili: Ubuntu na Linux Mint. Mimi naishika Mint, si kwa kuwa inashinda Ubuntu kwa kila jambo, bali kwa kuwa ni nyepesi kuivuta, sura yake haimtishi aliyezoea Windows, na wengi wetu katika chumba cha kompyuta tumekwisha izoea. Shule nyingine ambayo mwalimu wake anaijua Ubuntu, na ichague Ubuntu kwa sababu ile ile.

Wala atakayechagua mojawapo hatapotea akihamia nyingine, maana hizi ni za ukoo mmoja. Debian, iliyoanzwa mwaka 1993 na Ian Murdock, ndiyo babu. Ubuntu ilizaliwa kwake mwaka 2004, na Mint ikazaliwa na Ubuntu mwaka 2006. Aliyejifunza kuweka programu katika nyumba ya mjukuu ataweza kufanya hivyo hata katika nyumba ya babu, kwa amri zile zile.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Wako wasemao kuwa njia ngumu ndiyo ifundishayo, na kwamba aanzaye na Arch atajua mengi kuliko aanzaye na Mint. Naam, wana sehemu ya kweli. Lakini mtu hafundishwi kuogelea kwa kutupwa katika Ziwa Jipe usiku. Aanze mahali penye kina kidogo, kisha aende mbele kadiri apendavyo, tena aende kwa kompyuta yake mwenyewe, si kwa ile inayolisha nyumba ya mtu.

Wengine husema, "Kazini wanatumia Windows na Word, kwa nini tupoteze wakati?" Hili ni neno la haki, na sitalificha. Barua iliyoandikwa kwa Word, ukiifungua kwa LibreOffice, huenda ikabadilika mipaka na majedwali yake. Baba mdogo sasa anatumia Mint, na laptopu yake huwaka kabla hajamaliza kufungua milango ya duka. Lakini skana yake ilikataa kabisa, akalazimika kuazima kwa jirani kwa muda. Mtu ambaye kazi yake yahitaji programu iliyo ya Windows tu, na abaki na Windows ya halali. Lakini mwanafunzi aliyejifunza kuandika, kupanga hesabu katika majedwali na kutunza faili zake vizuri hajifunzi chapa ya kampuni. Anajifunza kazi, nayo kazi huhamia naye popote aendapo.

Tena wako wasemao kuwa kitu cha bure hakina thamani. Hao ningewakumbusha mifongo. Wazee wetu wa milimani walichimba mifongo ya kuleta maji kutoka mito ya Kilimanjaro hata vihambani. Maji yale hayakuuzwa kwa ndoo, wala hakuna aliyesema kuwa hayana thamani. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake, na ilipofika siku ya kusafisha mfongo kila nyumba ilitoa mtu. Asiyetoka alitozwa. Linux ni mfongo wa namna hiyo. Ni bure kwa anayekunywa, lakini kuna watu wanaozibua matope, na yatupasa siku moja nasi tutoke na majembe yetu.

Wenzetu wamekwisha kutoka. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kusema Kiswahili, iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden. Wasingaliweza kufanya hivyo kama programu ile ingekuwa imefungwa na mwenyewe. Mwaka ule ule wa 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, na kuanzia mwaka 2005 hata 2011 wenye Ubuntu walipeleka diski za bure kwa mtu ye yote aliyeomba, po pote duniani. Jina lake ni la Kizulu na Kixhosa, na maana yake ni neno tulijualo vema, yaani utu. Mtaa wetu nao una jina lililotoka huko huko Afrika Kusini. Basi ingekuwa aibu sisi wa Soweto kulifanya jambo lenye jina la utu kuwa sababu ya kuchekana bwenini.

Kwa ajili hiyo natoa mashauri machache kwa shule. Klabu ya kompyuta ikubaliane juu ya aina moja kwa wote wanaoanza, ili kila mkubwa aweze kumsaidia kila mdogo. Flashi yenye nakala yake iwekwe maktaba, iazimwe kama kitabu. Liwepo daftari moja ambamo kila anayekwama ataandika, kwa Kiswahili, alikwama wapi na alitokaje, maana daftari hilo litakuwa jirani wa wale watakaokuja baada yetu. Na kila mwanafunzi wa kidato cha nne awachukue wawili wa kidato cha kwanza awafundishe kutoa nakala kabla ya kuwafundisha jambo jingine lo lote.

Wazazi nao nawaomba: ikiwa nyumbani kuna kompyuta ya zamani iliyowekwa kabatini kwa kuwa Windows mpya imeikataa, msiitupe na msiiuze kwa bei ya chuma. Ileteni. Huenda ikaishi miaka mingine mitano.

Mimi mwezi wa Novemba nitafanya mtihani wangu na kuondoka. Hesabu za akina mama wale sasa ziko mahali patatu: katika laptopu, katika flashi iliyofungiwa kabatini, na katika daftari lao lile la kwanza. Kila nikipita dukani, baba mdogo huniuliza kwa kunitania kama nimeleta Linux nyingine ya mabingwa. Nami humjibu kuwa bado naitafuta ambayo ataweza kumwuliza jirani.